Punje Tatu na Daftari la Sista

Harufu ya manyoya ya kuku yanayobabuliwa motoni hainiachi salama. Juzi nilikuwa nyuma ya ofisi yetu hapa Bariadi, kwa mama lishe anayetuuzia chakula cha mchana, nikisubiri wali wangu. Binti yake alikuwa amemshika kuku miguu, anampitisha juu ya moto huku na huku, na moshi ule mzito wa kama nywele zilizoungua ukanijia usoni. Pembeni yake palikuwa na beseni la mtama mwekundu wa uji. Niliuacha wali ukapoa. Wenzangu wanajua ninavyopenda kula, kwa hiyo walidhani naumwa.

Sikuwa naumwa. Nilikuwa nimerudi kijijini kwetu Nkoma, nina miaka kumi, na kuku aliyekuwa mikononi mwa guku alikuwa amebeba kosa langu tumboni.

Guku kwetu Wasukuma ni babu. Wangu alikuwa mzee mwembamba, mnusa ugoro, mwenye goti bovu na maneno machache, na katika hayo machache mengi yalikuwa ya kulilaumu goti. Alijua kusoma kuku. Hakuwa mganga wa kutundika kibao barabarani. Baba yake alimfundisha, basi, na jirani akipotelewa na ng'ombe au akiwa na mgonjwa alikuja kwetu jioni na kuku wake kwapani. Utaratibu wenyewe ulikuwa hivi: mwenye shida anatia mate kwenye punje za mtama, kuku mchanga anazimeza, anafunikwa kwa tenga hadi asubuhi, kisha anapasuliwa na kutazamwa mabawa, mifupa na utumbo. Mate ndiyo yanayomwambia kuku anamsemea nani. Bila mate ya mhusika, alisema guku, umechinja mboga tu.

Baba hakuyapenda mambo hayo. Alikuwa Mkatoliki wa kukaa benchi la mbele, tena mwenye sauti kubwa kwenye nyimbo. Lakini pale nyumbani alikuwa mtoto wa mwenye nyumba, kwa hiyo kuku akipasuliwa yeye alikohoa mara mbili na kwenda kuangalia pamba.

Mwaka ule shida ilikuwa yetu wenyewe. Mayu, yaani mama yangu, alikuwa mjamzito. Kabla ya hapo alikuwa amepoteza watoto wawili, na kwa yule wa pili alitokwa na damu mpaka majirani wakaanza kuongea kwa kunong'ona. Sista Remedios, mtawa kutoka Hispania aliyekuwa akiisimamia zahanati ya misheni, alimwambia baba wazi kwamba safari hii Mayu asithubutu kujifungulia nyumbani. Akampeleka Bariadi, kwenye nyumba ya kusubiria wajawazito karibu na hospitali. Mayu akakaa kule, wiki zikaenda, na mimi nikabaki na ugali wa baba, ambao sitaki kuueleza.

Kila Jumamosi Sista alikwenda Bariadi na gari la zahanati kuchukua dawa, naye alinichukua. Nilikuwa mkalimani. Mayu alikuwa na Kiswahili cha sokoni tu, na Kiswahili cha Sista kilitoka kitabuni, kwa hiyo wakikutana wawili hao walibaki kushikana mikono na kucheka. Mimi nilikaa katikati kama waziri. Sijawahi kupata cheo kikubwa kama kile tangu hapo.

Sista alikuwa na daftari la jalada gumu lenye safu nne kila ukurasa: Kihispania, Kiingereza, Kiswahili, Kisukuma. Safu mbili za kwanza alizijaza mwenyewe. Mbili za mwisho alinitegemea mimi, na alikuwa ananilipa kwa biskuti.

Jumamosi ninayoikumbuka, guku aliniita kabla gari halijafika. Alinipa kitambaa kilichofungwa fundo, ndani yake punje tatu za mtama wetu wa ghalani. "Mayu wako azitie mate," alisema. "Usimwonyeshe Sista. Usimwonyeshe baba yako. Na usizipoteze, maana kuku hana pa kuuliza." Nikakifunga kitambaa kile kwenye pindo la gauni.

Sasa sikia mikosi yangu. Siku hiyo, katika maneno yote ya duniani, Sista aliamua tujaze ukurasa wa kutabiri. Mvua ilikuwa imekatika na njia nzima watu walikuwa wakitazama juu, labda ndiyo sababu. Alianza na "predecir", kwa Kiingereza "predict". Nikampa kutabiri. Akaja na "pronosticar", "forecast", neno la watu wa hali ya hewa. Nikampa kutabiri tena, akaguna, akasema Kiswahili kinabana matumizi. Akaja "adivinar". Hilo, alisema, kwao linafanya kazi mbili: la mtoto anayekisia kilichofichwa mkononi, na la yule anayeona mambo yaliyojificha kwa watu. Waingereza wamelikata vipande viwili, "guess" na "divine". Nikampa kukisia, na kwa kipande cha pili nikampa kuagua, kwa sauti ndogo.

Halafu akasema "augurar".

"Zamani sana," alisema, mikono yote miwili kwenye usukani kwa sababu ya mashimo, "kabla ya vita, wazee wa huko kwetu waliwatupia kuku nafaka. Kuku wakila vizuri, heri. Wakikataa, jeshi linarudi nyumbani. Kwa Kiingereza 'augur'. Waingereza wenyewe hawalitumii. Na kwa Kisukuma mnasemaje, Kabula?"

Nilihisi zile punje tatu zinanichoma paja. Nilikuwa na hakika amechungulia pindo langu. "Hatuna," nikasema.

"Hamna kabisa?"

"Sisi kuku tunakula tu, Sista."

Akaiacha safu ya nne wazi, na biskuti yangu nikaila kwa shida.

Mayu tulimkuta kwenye mkeka uani, miguu imevimba, anachambua mchicha. "Mhola?" aliniuliza, nami nikajibu "Mhola duhu," kwamba ni salama tu, ingawa nilikuwa nataka kulia nilivyoiona miguu ile. Sista alipoingia kuongea na wauguzi nilifungua fundo. Mayu alizitia mate punje zile moja moja, taratibu, akazifunga mwenyewe, akanishika mashavu. Mikono yake ilinukia mchicha na udongo. Aliniambia nimwambie guku kwamba mtoto anacheza sana, hasa asubuhi.

Wakati wa kuondoka nilitoa mkono dirishani kumpungia. Nilikuwa nimekishika kile kitambaa mkononi, kwa vile nilikuwa siliamini tena lile pindo. Nilipunga kwa nguvu zangu zote, na fundo likafunguka. Niliona punje zikiruka. Kuku wa pale getini walikuwa wepesi kuliko mimi. Kabla sijapata sauti ya kumwambia Sista asimame, walikuwa wameshamaliza na wanatafuta nyingine.

Tulipita sokoni. Sista alinunua gunia la mtama wa uji wa watoto wa zahanati, likawekwa nyuma yangu, na kona ya gunia ilikuwa na kitundu. Njia nzima niliona akilini mapaja ya Mayu yenye damu, ile ambayo mara ya pili walinificha nisiione na nikaiona. Tulipokaribia Nkoma nilipenyeza kidole kwenye kitundu, nikatoa punje tatu, nikazitemea mate yangu mwenyewe. Nilijiambia kwamba mate ya mtoto na mate ya mama yake hayawezi kupishana sana. Hata wakati ule sikuamini.

Guku alifungua kitambaa mlangoni, penye mwanga. Alizitazama punje. Akalilaumu goti, akainama, akamlisha kuku wake.

Asubuhi alimpasua. Baba alikohoa mara mbili lakini hakwenda kwenye pamba; alisimama nyuma ya guku, mikono nyuma, kama mtu aliyepita tu. Manyoya yalikuwa yameshababuliwa na harufu ile ilijaa ua mzima. Guku alikunjua bawa moja, akalikunjua la pili, akanitazama mimi, akarudi kwenye bawa. Alichukua muda wa kunusa ugoro mara mbili.

"Njia iko wazi," alisema mwishowe. "Naona damu. Lakini naona na mtu amesimama pembeni." Kisha akageuka kwa baba. "Ni wewe. Nenda Bariadi leo. Ukae pale pale mlangoni mpaka mtoto atoke."

"Na pamba?" baba aliuliza. "Magugu yameshafika magotini."

"Nitapalilia mimi."

"Kwa goti hilo?"

"Goti halikuulizwa."

Baba alinung'unika kuhusu mambo ya kishenzi huku akijaza upepo kwenye baiskeli. Saa hiyo hiyo aliondoka, na blanketi limefungwa nyuma. Nimewahi kuwaza kwamba alikuwa anangoja kuamriwa.

Na mimi? Kwa siku zile sikuwa mtu. Njia iliyo wazi ilikuwa yangu. Mimi ndiye niliyetema mate, kwa hiyo mimi ndiye ningepona, na Mayu hakuna aliyekuwa amemtazama. Niliona nimeiba uzima wa mama yangu kwenye gunia la uji. Tulikuwa tunapalilia wawili, guku amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anasogea mstari hadi mstari akiiburuta. Kila nilipofungua mdomo nimweleze, aliwahi yeye. "Usikate mche," alisema. Nikifungua tena: "Hapo umeacha gugu." Mara ya tatu au ya nne nilikata tamaa nikapalilia huku nalia, naye akajifanya anapambana na ndoo.

Siku ya nne tulisikia honi ya gari la zahanati tangu mbali, haikatiki. Sista alishuka kabla gari halijatulia vizuri, shela imekaa upande. "Mvulana!" alipiga kelele. "Mama mzima! Mtoto mzima!" Nilikaa chini palepale kati ya mistari ya pamba. Aliponiinua alieleza yaliyobaki. Mayu alitokwa na damu kama mara ile nyingine. Muuguzi alitoka akauliza kama kuna ndugu yeyote karibu wa kutoa damu, na mlangoni, juu ya blanketi, alikuwepo baba, amekaa siku nne mpaka walinzi wanamwita shemeji. Ikalingana. Kama angekuwa Nkoma anapalilia, alisema Sista, kisha hakuimalizia sentensi ile kwa lugha yoyote kati ya zile nne za daftari lake.

Sikuungama. Mwanzoni niliogopa, baadaye niliona haya, halafu guku akafariki na kukawa hakuna wa kumwungamia. Sista naye alirudi kwao akiwa mzee, akaniachia daftari. Nikasoma, nikaajiriwa, na angalia mambo: kazi yangu ni ofisi ya kilimo, na msimu ukikaribia mimi ndiye ninayewaandikia wakulima ujumbe wa simu kuhusu mvua. Utabiri unatoka juu ukiwa na ramani na asilimia, nami naushusha kwa maneno ya kueleweka. Kwa miaka yote niliamini kwamba maisha yetu yaliokolewa na kuku aliyedanganywa.

Mpaka juzi, mbele ya lile beseni la mama lishe. Nilichota mtama kwa mikono miwili, nikautazama. Ulikuwa mwekundu kama udongo wa kichuguu, sawasawa na ule wa gunia la Sista. Mtama wetu wa ghalani, ule aliolima guku maisha yake yote, ulikuwa mweupe.

Nilimpigia Mayu simu nikiwa nimesimama hapo hapo. Anaishi bado Nkoma, na mdogo wangu Masanja, yule wa siku nne, ndiye anayelima sasa. Nilimweleza yote kwa pumzi moja: dirisha, kuku wa getini, gunia. Upande wa pili nikasikia anacheka, kicheko cha mtu aliyekaa na kitu muda mrefu.

"Guku wako alikuwa hajui kusoma karatasi," alisema, "lakini rangi alikuwa anaijua. Aliniambia alipokuja kumwona mtoto. Alisema, Kabula ameniletea mtama wa dukani, una mate yake na machozi. Nikamuuliza, sasa ulisoma nini? Akasema, nilimsoma mtoto aliyeuleta. Alivyotetemeka nikajua ameona hali yako si nzuri. Ndipo nikamtuma mume wako."

"Mbona hamkuniambia?"

"Alisema ukiambiwa utajua tulikuwa gizani wote. Akasema nisubiri uwe mkubwa. Halafu ukawa mkubwa, nami nikasahau."

Nilirudi mezani nikala wali baridi, wote. Jioni hiyo nilikuwa na ujumbe wa kutuma, kwamba mvua zinatarajiwa kuwa chini ya wastani. Nilikuwa nimeuandika asubuhi ukaishia hapo, na nilikuwa nimeridhika nao. Niliufungua upya nikaongeza: pandeni mtama sasa, msingoje, mwenye mbegu ya kukomaa mapema amgawie jirani, maofisa watapita kijijini kwenu wiki hii. Kisha nikamwomba mkuu wangu gari, ili hilo la mwisho liwe kweli. Masanja alikuwa wa kwanza kunijibu, kwamba dada, jembe liko begani.

Nyumbani nilitoa daftari la Sista. Ukurasa wa kutabiri umefifia lakini unasomeka, na kwenye mstari wa "augurar" safu ya nne bado ilikuwa wazi, kama nilivyoifanya ibaki siku ile kwa uongo na biskuti mdomoni. Nilichukua kalamu nikaandika, kwa Kisukuma chetu, maneno ambayo guku alimwambia baba: Nenda Bariadi leo, ukae pale pale mlangoni.