Pasi ya Makala na Mikono ya Karani

Binti zangu na wake wa wanangu huniuliza kama wanunue pasi ya umeme. Jibu langu halijabadilika tangu umeme wa hapa Kisangani uanze kuja na kuondoka kwa hiari yake. Chombo cha nyumbani kina bei ya dukani na kina bei ya kila siku, na hiyo ya pili ndiyo inayomaliza mshahara. Pasi ya makaa, ambayo sisi tunaiita pasi ya makala, hula makala, lakini ukiyarudisha jikoni mapema yatakuchemshia chai. Pasi ya umeme, siku umeme haupo, inafaa kuzuia mlango usipigwe na upepo.

Wala pasi si mapambo. Kwetu kuna inzi anayetaga mayai kwenye nguo iliyoanikwa. Usipoipiga pasi, mayai hugeuka funza chini ya ngozi, na kila funza hufanya uvimbe wake. Niliwahi kukamua funza mgongoni mwa mtoto wangu wa miezi minne, na tangu siku hiyo sibanii makala.

Yetu ilinunuliwa Machi 1961, mwezi wa tisa baada ya uhuru. Mume wangu, marehemu tangu Juni 1989, alikuwa karani katika ofisi moja ya usafiri wa mtoni. Wazungu wengi walikuwa wameondoka, akapandishwa cheo, na mshahara ukapanda pamoja naye. Wenzake walinunua redio. Nilimwambia kwamba redio itatuletea habari za Léopoldville lakini haitatupigia nguo. Akacheka, akanunua pasi: chuma kizito, chenye tundu la moshi ubavuni na jogoo mdogo wa shaba anayefunga kifuniko. Wakati ule sikujua kusoma, lakini mstari niliouweka kwenye suruali yake kila asubuhi ulijulikana katika mtaa wetu wote wa Kabondo. Karani alitambuliwa kwa mstari huo kabla hajafungua kinywa. Yeye mwenyewe hakuwahi kuishika pasi ile. Haikuwa kazi yake.

Waasi waliuchukua mji, ambao bado uliitwa Stanleyville, mwanzoni mwa Agosti 1964, na makarani, waliohesabiwa kuwa watu wa serikali, wakaanza kutafutwa nyumba kwa nyumba. Yule wa nyumba iliyotazamana na yetu alichukuliwa akiwa na miwani usoni, wala hakurudi. Mume wangu alivua viatu, akavaa singileti iliyotoboka, akakaa uani. Nguo zake za ofisini tulizifukia. Suruali moja tu tuliisahau ukutani.

Jumanne ya tatu ya mwezi ule aliingia kiongozi wao mmoja, mwenye majani kichwani, pamoja na vijana wawili wenye bunduki. Aliiona suruali kabla ya kutuona sisi.

"Hii iko ya nani? Mustari hii iko ya karani."

"Iko ya watu, chef," nilisema, nikimwita mkuu. "Hapa tunapigaka pasi nguo ya watu. Pasi ile pale, angalia."

"Na mwenyewe iko wapi?"

"Alikimbia. Hata kulipa hakulipa."

Tangu aingie alikuwa akijikuna kiunoni, nikajua ana funza. Alivua shati, akaninyooshea, kisha akalivuta nyuma kwa haraka.

"Hapana, wewe usiguse! Sisi walitupa dawa. Mwanamke akigusa nguo yetu, dawa inakufa, na risasi itaingia." Akamgeukia mume wangu. "Papa, utapiga wewe. Nitaangalia."

Mikono ya mume wangu ilikuwa laini kama karatasi alizozishika, na hakujua hata pasi inafunguliwa upande gani. Angeshindwa, suruali ile ingekuwa imempata mwenyewe.

Niliketi kwenye kigoda mbali na meza, wote wakiona kwamba sigusi kitu, nikaanza kumtukana mume wangu.

"Leo tena unasahau jogoo? Geuza jogoo, kifuniko ifunguke, weka makala! Ao utapiga na baridi?"

Akageuza jogoo, akaweka makala.

"Na utapulizia humu ndani, majivu imwangukie chef? Peleka inje! Kila siku maneno ile ile!"

Akaitoa nje, akaipunga hadi makala yakawa mekundu.

"Jaribu kwanza kwa kitambaa! Uliunguza shati ya mwalimu, tukakula majani ya sombe bila samaki juma zima. Na maji? Nyunyiza maji! Kola kwanza, wewe! Unaanzia kwa tumbo kwa sababu tumbo ndiyo unajua!"

Vijana wakacheka. Mmoja akauliza, "Papa, mwanamke huyu ulimutoa wapi?"

"Banalia," mume wangu alijibu bila kuinua macho.

"Na huko mutu hawezi kumurudisha?"

"Nilimurudisha mara mbili. Baba yake alifunga mlango."

Watu huniuliza kama niliogopa. Sikuhisi kitu. Ninachokumbuka ni harufu ya jasho la mtu mwingine likipata moto, na kwamba macho yangu yalikuwa kwenye mishono tu, kwa sababu mayai hukaa huko.

"Mushono, papa! Rudilia mushono!"

Akarudia. Kiongozi alilivaa shati likiwa bado na moto, akanyoosha mabega.

"Bon. Kesho wenzangu watakuja."

Walikuja. Kuanzia siku ile hadi walipofukuzwa mjini, Jumanne tarehe 24 Novemba, mume wangu aliwapigia pasi mashati yao, nami nikamtukana kutoka kwenye kigoda. Walilipa kwa makala, mara nyingine kwa mchele. Viganja vyake viliota sugu. Kufikia Oktoba hapakuwa na kosa la kusahihisha. Nilitukana kwa kuwa walikwisha kuzoea kucheka.

Ofisi yake ilifunguliwa tena mwaka uliofuata, akaitwa, akaenda. Jioni ya siku ya kwanza nilitandika blanketi mezani ili nimpigie nguo za kesho yake. Akaitoa pasi mkononi mwangu.

"Acha, mama. Hii iko kazi yangu."

Nilimwachia meza. Sikufurahi wala sikuhuzunika. Nilijikuta tu na jioni zisizo na kazi, na kwa zaidi ya mwaka mmoja sikujua nizifanyie nini. Oktoba 1966 nilijiandikisha katika darasa la jioni la akina mama wasiojua kusoma, hapa hapa Kabondo. Nilikuwa na miaka thelathini na mmoja. Siku ya kwanza mwalimu alituuliza, mmoja mmoja, ni nani aliyebaki na kazi za nyumbani.

"Nguo ziko na mume wangu," nilijibu. "Anapiga pasi."

Darasa zima likacheka. Nikawaacha wamalize.