Chiriku, Nyuma ya Kigoda

Saluni yetu ina mafundi wawili na mdomo mmoja. Mafundi ni mimi na Chiriku. Mdomo ni wa Chiriku. Mimi naosha na kukausha nywele mbele ya kioo. Yeye anasuka, na anayesukwa na Chiriku hukaa kwenye kigoda karibu na mlango, uso barabarani, kisogo kwa fundi. Kwa hiyo Chiriku anawajua watu kwa visogo. Akikutana na mteja wake uso kwa uso sokoni anaweza kumpita bila salamu, lakini akimwona kwa nyuma atamwita kwa sauti toka ng'ambo ya barabara.

Alikuwa na elimu yake ya shingo pia, na alitufundisha bure, tutake tusitake. Shingo ikikaza, mteja kagombana na mumewe. Ikiyumbayumba, ana usingizi. Ikitulia tuli, basi amekubaliana na unachosema, endelea tu. Na yeye alikuwa akiendelea kweli.

Hadithi yake kubwa ilikuwa ya mdogo wake. Kila bibi harusi aliyekaa kwenye kile kigoda aliisikia. "Mdogo wangu bwana, jioni ya kuamkia harusi, niko nusu ya kichwa, ananiambia, 'Dada, huyu mtu simtaki.' Nikamwambia nyoosha shingo wewe, usinipotezee mstari! Leo ana watoto watatu!" Saluni nzima hucheka. Na mimi nilicheka, tena mara nyingi, sina haja ya kujitia utakatifu hapa.

Halafu mdogo mtu akamwacha yule mume. Alichukua watoto wake akaenda kuishi mwisho kabisa wa pwani, kule kwenye miamba, na simu za Chiriku akawa hapokei. Hadithi ikafa kimyakimya. Hakuna aliyeuliza imeishia wapi.

Mwaka huu kaka yao akapiga simu kusema binti mkubwa wa mdogo mtu anaolewa. Chiriku akapiga kigelegele mpaka mteja akaruka na chanuo kichwani.

"Namsuka mimi! Nani mwingine?"

Nilikuwa karibu, nikamsikia kaka mtu akikohoa. "Mama yake amesema usijisumbue. Wameshapata msusi."

Nimefanya kazi na huyu mwanamke tangu nikiwa msichana. Nimemwona akifiwa na akiuguza, na siku zote hizo alikuwa akisema. Sikuwahi kumwona akinyamaza katikati ya kichwa cha mtu. Siku ile alikimaliza kichwa cha yule mteja bila neno.

Wateja aliwaaga kwamba anakwenda kupunga upepo. Mimi aliniambia ukweli tukifagia nywele. "Lazima nimsuke yule mtoto. Mdogo wangu akinikatalia hilo, amenikataa mimi."

Basi halifiki huko. Linaishia pale ambapo barabara imemong'onyoka ikaanguka baharini, na kuanzia hapo watu hupita kwa miguu juu ya maporomoko, njia yenyewe nyembamba, mawimbi yanapasuka chini kwenye mawe. Chiriku akaingia njia ile peke yake, na kifurushi chake cha rasta na vitana, maana alishajiaminisha kwamba atakubaliwa.

Kutwa hiyo ya kwanza, ameniambia, aliteseka kwa kukosa mtu wa kumsemesha. Alisema na mbuzi. Aliyasema mawe yaliyomkwaza. Alijaribu maneno atakayomwambia mdogo wake, na kila alivyoyapanga yalitoka vizuri, yeye akiwa ndiye mwenye haki. Jioni, kwenye chumba cha nyumba ya wageni chenye kitanda cha chuma na dirisha lisilofunga, aliishiwa maneno. Alisikia bahari tu, na hakuipenda.

Kesho yake Mungu akamletea muuza mayai. Mama mmoja aliyemzidi umri, trei za mayai kichwani, mtandio umemfunika masikio kwa ajili ya upepo. Njia haikuruhusu watu wawili sambamba, kwa hiyo Chiriku akafuata nyuma. Kisogo mbele yake! Alijiona yuko kazini. Akaanza.

Alimweleza yote. Kwamba kila bibi harusi hubabaika siku ya mwisho. Kwamba wageni walikuwa wameshafika, viti vimeshapangwa, kila mtu anasubiri. Kwamba yeye alidhani ni masihara, na hata kama hayakuwa masihara, nani angejua kuwa yule mwanamume atakuja kuwa vile? "Sasa niambie, mama, kosa langu liko wapi?" Shingo mbele yake ikatulia tuli. Chiriku akafarijika. Akamwaga na yaliyobaki.

Njia ilipopanuka, yule mama akasimama, akageuka polepole, akatoa kidude cha muziki sikioni.

"Samahani mwanangu, ulikuwa unasema na mimi?"

"Muda wote! Si ulikuwa umetulia unanisikiliza?"

"Mwanangu, nina mayai kichwani."

Alipofika hapo kunisimulia nilicheka mpaka nikashika ukuta. Na yeye alicheka siku ile, amekaa juu ya jiwe, muuza mayai ameshakata kona. Kisha kicheko kikamwishia ghafla. Aliikumbuka shingo ya mdogo wake jioni ile. Nayo ilikuwa imetulia tuli.

Akabaki kwenye lile jiwe mpaka jua likamchoma. Hapakuwa na mteja wa kumchekesha, wala redio ya jirani, wala mimi. Na pale ndipo alipojikuta anakubali jambo ambalo miaka yote alilikimbia. Alijua si masihara. Alisikia kila neno, na aliisikia sauti ya mdogo wake ilivyokuwa. Angeweza kuzunguka kile kigoda, hatua mbili tatu tu, amtazame usoni. Hakuzunguka kwa sababu alijua atakachokiona, na akishakiona itabidi atoke nje akawaambie wageni warudi makwao. Nyuma ya kigoda palikuwa na raha yake. Akajitia hamnazo, kisha akaligeuza kichekesho, akalisimulia kwa watu. Aliniambia alijichukia pale juu ya jiwe, na mimi sikumkataza.

Alimkuta mdogo wake nyuma ya nyumba ya wageni ya mwisho, anaanika mashuka. Ndiyo kazi yake. Nywele alikuwa amezinyoa karibu zote. Kwa kisogo kile Chiriku asingemtambua. Ikabidi azunguke kamba, apite kati ya mashuka, amtazame.

"Shikamoo dada," mdogo mtu akasema. "Umetembea mpaka huku?"

"Marahaba. Nimetembea."

Wakakaa kwenye ndoo mbili zilizopinduliwa, uso kwa uso, na Chiriku akagundua kwamba kumtazama mtu machoni na kusema kwa wakati mmoja hajui. Maneno yote ya njiani yalipotea. Alichoweza kutoa ni swali moja tu.

"Mtoto nitamsuka?"

"Hapana, dada." Alisema kwa upole, anakung'uta foronya. "Njoo harusini, ule, ucheze na wenzio. Lakini kumsuka, hapana."

Chiriku akakiangalia kifurushi chake. "Siku ile," akasema, "uliponiambia humtaki. Nilikusikia."

"Najua."

"Unajua vipi? Nilikuwa nyuma yako."

Mdogo mtu akaikunja foronya, akaiweka magotini.

"Mikono yako ilisimama, dada. Nikasema moyoni, kanisikia, sasa anakuja mbele. Nikajifuta machozi upesi upesi, usinikute nimevimba uso. Halafu ukaanza kusuka tena."