Jirani wa Ukuta Mmoja

Mwalimu wa dini wa mama yangu alikataa mengi kabla hajafa. Alikataa sanamu, alikataa kujengewa, alikataa hata jina lake kuandikwa mlangoni mwa ukumbi wa Dar es Salaam alikofundishia. Alikubali jambo moja tu: kila mwaka siku ya kifo chake ikirudi, kwa hesabu ya mwezi kama ilivyo desturi yetu Wahindu, anayemkumbuka awashe taa ya samli, amlishe jirani, ndipo naye ale.

Jirani, si mtu wa dini wala maskini wa barabarani. Alipokuja Kibiti mara ya kwanza na kulala kwenye mkeka nyuma ya duka letu, alimwuliza mama nani anayekohoa upande wa pili wa ukuta. Mama hakujua. Mzee akatoka, akapiga hodi mwenyewe, akarudi na mke wa mfanyabiashara wa boriti za Nyamisati. Akawaambia wote wawili: mlishe jirani wa ukuta mmoja.

Tangu mzee afariki, jirani yule, sasa mjane, huja kwetu kila mwaka siku hiyo, saa za mchana. Aliweka sharti mapema: yeye ni Mwislamu, chakula kilichotangulizwa mbele ya picha ya marehemu hali. Mama hakuona shida. Picha hupata asumini na taa, na wali wa choroko hutoka chunguni moja kwa moja hadi kwenye sahani ya jirani. Mama hauonji hata kidogo wakati wa kupika, maana kuonja ni kumtangulia mgeni.

Siku hiyo huangukia mwezi mchanga, na mwaka huu ilikutana na mwisho wa Shaabani. Mama alikuwa na hakika Shaabani ingetimia thelathini, na saumu ingeanza kesho yake. Haikutimia. Mwezi ukaonekana, na asubuhi Kibiti nzima ikaamka imefunga, na jirani yetu akiwamo. Mama ana kisukari, na alfajiri alikuwa ameshameza dawa zake kwa mazoea.

"Kula, mama," nilimwambia adhuhuri ilipopita.

"Magharibi si mbali."

"Kwako ni mbali mno."

Wanasema mwenye njaa hana miiko. Hao hawajamwona mama yangu. Alikaa kwenye kiti chini ya picha, mikono mapajani, akinitazama kama mimi ndiye niliyekosa adabu. Nilimkasirikia yeye, nikaukasirikia mwezi, na kweli nilimkasirikia marehemu pia, ametulia pale ukutani na shada lake, hana njaa wala sukari.

Alasiri jasho lilianza kumtoka juu ya mdomo. Akaniita kwa jina la dada yake aliyekufa zamani. Mikono ilikuwa inatetemeka, naye akaikalia ili nisiione. Nilikoroga maji ya sukari, nikamshikia glasi mdomoni, akafumba midomo.

"Sijawahi kumtangulia," alisema.

Hapo nilipiga kelele. Nilimwambia atakufa kwa ajili ya sahani ya wali, na kwamba mzee wake kama alikuwa na akili asingetaka hivyo. Niliogopa, na mimi nikiogopa huwa nafoka. Ukuta wetu ni mwembamba. Jirani aliingia bila hodi.

"Kuna nini? Sauti yako imenifuata mpaka uani."

Nikamweleza. Akamtazama mama, akatazama chungu, na mimi nikaingiwa na hofu mbili kwa pamoja: kwamba atakataa kula, na kwamba atakula. Mwanamke yule hakosi swala. Avunje saumu yake siku ya kwanza ya Ramadhani kwa sababu yetu? Sikuwa na uso wa kumwomba hilo. Lakini sikumzuia alipochukua sahani akapakua.

Mama ndiye aliyesema, kwa sauti ndogo, "Usile, shoga. Usivunje saumu yako kwa ajili yangu."

"Nani kakwambia nala? Miye nimefunga." Akanawa mkono, akavuta kigoda, akaketi mbele ya mama. "Yule mzee alitwambia siye sote wawili. Mlishe jirani wa ukuta mmoja. Sasa miye nina jirani gani mwengine? Miaka yote wanilisha weye, na miye nakaa nakula tu. Leo zamu yangu. Fungua kinywa."

Mama aliinua macho kwenye picha. Kisha akafungua kinywa.

Jirani alimlisha kwa mkono, tonge kwa tonge, na katikati ya matonge mama akakubali na glasi yangu. Nililia bila kujificha. Jasho lilipoanza kukauka, mama alitafuna kidogo, akakunja uso.

"Hauna chumvi."

"Usinitajie chumvi nami nina njaa," jirani akamjibu, na mama akacheka.

Jua lilipozama alirudi na tende zake na birika la uji. Akafuturu, akaswali, kisha akadai sahani yake. Nilimsogezea chumvi; hakuigusa. Giza lilikuwa limeshaingia na taa chini ya picha ilianza kufifia. Nikauliza kama niiache izimike, maana mama alishakula na siku ilikuwa imekwisha.

"Ongeza samli," mama alisema. "Jirani bado anakula."