Kofia Kwenye Ndoano ya Maiki

Manahodha waliopita bandari ile walimjua kwa sauti, na karibu hakuna aliyemjua kwa sura. Walimwita Dada wa Redio. Wengi walimfikiria mwanamke mrefu, mwenye miwani, amekaa wima kama hakimu. Kumbe ni mfupi, ana binti anayeota meno, na kazi yake huifanya miguu mitupu kwa kuwa viatu vya kazi humbana kidole.

Chumba chake kilikuwa ghorofani, juu ya ghala la kamba, na harufu ya kamba mbichi ilipanda ngazi pamoja na kila mgeni. Dirisha lilitazama baharini. Mezani palikuwa na redio, simu na chupa ya chai, na ukutani palikuwa na ndoano ya kutundikia maiki. Maiki yenyewe ilikuwa na kitufe ubavuni. Ukikibonyeza, taa nyekundu chini ya ndoano inawaka na unasikika bahari nzima. Ukikiachia, unawasikia wengine. Lakini ukikishikilia tu bila kukiachia, umewaziba wote midomo, hakuna anayeweza kukufikia. Ndiyo maana sharti la kwanza la chumba kile lilikuwa fupi: maiki ikae kwenye ndoano, isikae kwingine.

Asubuhi moja meli ya mbao iliomba msaada. Ilikuwa imepasuka ubavu wa mbele, injini imezima, pampu zinahangaika. Nahodha wake alikuwa mtu wa mbali aliyejifunza lugha bandarini, kwa wapakizi na wauza chai, kwa hiyo aliizungumza upesi na bila kupiga hodi.

"Dada! Meli yangu inakunywa maji! Unanisikia?"

"Nakusikia, kapteni. Niko hapa."

Hilo "niko hapa" lilikuwa lake, hakufundishwa na mtu. Alilitoa nyumbani. Mtoto akishtuka usingizini huhitaji kumweleza mengi, ukimwambia niko hapa anarudi kulala. Basi kila ilipotokea shida baharini, hata kama hakuwa na jipya, alibonyeza kitufe mara kwa mara akasema hivyo, kisha akaachia.

Kwa upande wa watu hapakuwa na mjadala. Sheria ya bahari ni nyepesi hapo: aliye hatarini majini anaokolewa, awe wa taifa lolote, awe na kosa lolote. Tagi, ile boti fupi yenye nguvu inayovuta meli, ilitoka mara moja ikiendeshwa na mzee mmoja mcheshi waliyemwita Mzee Kamba. Akawachukua mabaharia wengi. Wakabaki nahodha, fundi wa injini na vijana wawili wa kusukuma pampu, huku tagi ikiwakaa ubavuni, tayari kuwachukua nao mambo yakiharibika.

Kazi ilikuwa kwenye meli. Meli si mtu, na hakuna sheria inayomlazimisha mwenye bandari kuifungulia mlango hivi hivi. Inamtaka apime kwa haki: ikiingia italeta madhara gani, ikiachwa nje italeta madhara gani, na kama pana mahali pa kuihifadhi, aipe. Mwenye kupima alikuwa mkuu wa bandari, mtu wa makamo mwenye kitambi na moyo laini. Tangu asubuhi alikuwa hajatoa neno ila moja: asubiri.

"Nasubiri nini?" nahodha akafoka redioni. "Harusi? Dada, meli hii nimeiendesha tangu nina nywele. Nikiiacha hapa, haifiki kesho."

"Najua, kapteni. Nitakuletea jibu. Niko hapa."

Adhuhuri mama yake Dada alipanda ngazi na mtoto mgongoni, kama kila siku saa za kunyonya.

"Mchukue mwanao," akasema akihema. "Leo amening'ata bega. Sijui mmemlea au mmemfuga."

Akamkabidhi na kwenda zake sokoni. Mtoto alikuwa amevaa kofia ya sufu, imelowa uji mpaka kwenye kishada. Dada akaivua, akatafuta mahali pa kuianika, jicho likaangukia ndoano. Maiki akaiweka mezani, nyuma ya chupa ya chai. Kofia ikaning'inia vizuri kabisa, ikaifunika na taa. Na chupa, kwa uzito wake, ikaegemea kitufe.

Mkuu akaingia na ramani kwapani. Alipoona mtoto ananyonya akajigeuzia dirishani kwa heshima, akazungumza na kioo.

"Bado yuko?"

"Bado. Mkuu, ananiuliza anasubiri nini. Nimjibu nini?"

"Mwambie asubiri."

"Nimelisema neno hilo mpaka limechakaa. Kwani wewe hasa unaogopa nini?"

Mkuu akashusha pumzi. "Mafuta, binti yangu. Sijui matangi yake yako wapi. Yakiwa mbele, pale ilipopasuka, tukiivuta yatamwagika yote mlangoni kwetu. Wenye meli nimewapigia simu, wananizungusha tu."

"Si umuulize mwenyewe?"

"Mtu ana roho mkononi, nianze kumhoji mimi?"

"Na nini kingine?"

"Hakuna kingine."

"Mkuu."

Mkuu akakuna shingo. "Ghuba pekee inayoweza kuihifadhi ni ile iliyo mbele ya nyumba ya wageni ya mama mkwe. Mafuta yakigusa mchanga wa yule mama, mimi nitahamia wapi? Nilimwagia mchuzi kitambaa chake cha meza siku nilipokwenda kujitambulisha, mpaka leo nakaa mwisho wa meza na watoto. Akinitazama nasahau hata nina cheo."

Dada alicheka mpaka mtoto akaachia ziwa na kumtazama. Alipomaliza kucheka, akasikia kitu kisicho cha kawaida. Hakusikia chochote.

"Mkuu, redio imekuwa kimya sana."

Simu ikalia. Akaipokea.

"Wewe ndiye Dada wa Redio?" Sauti ya mama mtu mzima, haina haraka. "Achia kitufe, mwanangu. Mwanao tumemsikia, anakunywa kama ndama, Mungu amkuze. Lakini kuna mtu anazama huko nje na hawezi kusema."

Nyumba ile ya wageni ilikuwa na boti ya kutembeza watu, na redio ya kuiita ilikaa jikoni. Mama mkwe alikuwa akikaanga vitunguu huku akisikiliza habari zake zote.

Dada akaidondosha simu mezani, akainyakua kofia ndoanoni. Taa nyekundu ilikuwa ikiwaka. Muda wote ule aliokuwa akicheka, yule mtu aliyeahidiwa niko hapa alikuwa amezibwa mdomo, na aliyemziba ni yeye. Akaivuta maiki kutoka nyuma ya chupa.

"Kapteni! Kapteni, niko hapa. Unanisikia?"

Redio ikakoroma tu.

"Kapteni, tafadhali."

Mkoromo. Mtoto akaanza kulia, mkuu akamchukua, wala hakukumbuka kugeuka dirishani.

"...Dada. Nipo." Sauti ilikuwa imechoka. "Pampu moja imekufa, nimelala upande. Lakini nimesikia yote. Kwa nini hamkusema ni mafuta? Matangi yangu yako nyuma, mazima, mbali na tundu. Mbele nina mbao tu. Mlete mtu aone kwa macho yake. Na mwambie mkuu, mimi pia nina mama mkwe."

"Hata mimi!" Mzee Kamba akadakia kutoka kwenye tagi. "Wangu anaishi kwangu! Mkuu, nimpandishe fundi wangu akakague?"

"Mpandishe," mkuu akasema, mtoto begani. "Haraka."

Wakangoja. Fundi wa tagi alishuka hadi chini mwa meli, akarudi na jibu lile lile: matangi mazima, tundu liko mbele, pampu ya tagi inaweza kuyamudu maji kama wataanza sasa. Mkuu akaichukua maiki kwa mkono wake.

"Kapteni, ruhusa umepata. Tagi itakuvuta mpaka ghubani. Natuma maboya ya kuzuia mafuta yakuzunguke kwa tahadhari. Ukizidi kulala, mnaruka wote, meli baadaye. Tumeelewana?"

"Tumeelewana! Mungu akupe maisha, wewe na vitambaa vyote vya meza!"

Simu bado ilikuwa wazi mezani, sauti ikiita humo kwa mbali. Mkuu akaiinua kama anayeokota kaa la moto.

"Mkwe," mama mkwe akasema.

"Naam, mama."

"Hao mabaharia walale kwangu, vyumba vipo. Na ule mchuzi mimi nilishausahau zamani. Huko kwa watoto unakwenda kukaa mwenyewe."

Meli ilivutwa polepole, imeinama kama mtu mwenye mzigo bega moja. Dada hakuinuka kitini mpaka nanga ikashuka ghubani, na jua bado liko juu. Alisema "niko hapa" mpaka koo likawasha.

Ndipo mkuu akamgeukia. Uso wake haukuwa na mzaha.

"Tundu lingepanuka dakika zile, asingeweza hata kupiga kelele. Unalijua hilo?"

"Nalijua. Ni mkono wangu, mkuu." Machozi yakamlenga.

Mkuu akamrudishia mtoto, akatoka. Dada akaanza kukusanya vitu vyake, nepi, chupa, kofia, akiamini kiti kile hatakikalia tena. Mkuu akarudi na nyundo kutoka ghalani, akapigilia msumari karibu na mlango, mbali kabisa na redio, akaujaribu kwa kidole.

"Huu wa kofia," akasema, akaitundika ile ya mtoto. "Ile ndoano ni ya maiki. Kesho njoo mapema."

Dada alikuwa hajamaliza kupangusa macho pale mtu mmoja mwenye chumvi mpaka kwenye nyusi alipochungulia mlangoni.

"Samahani, namtafuta Dada wa Redio. Yule mrefu."

"Mrefu hatuna," mkuu akasema. "Tuna huyu."

Nahodha akamtazama yule mwanamke mfupi, miguu mitupu, mtoto kiunoni. Akaitambua sauti hata kabla haijatoka. Akavua kofia yake, akaitundika kwenye msumari juu ya ile ya sufu, akahakikisha maiki iko kwenye ndoano, kisha akaomba chai.