Gugu Lililofanana na Wimbi

Enzi zetu kule Matete, likizo ya Aprili haikuwa ya kulala hadi jua likuchome usoni kama wafanyavyo vijana wa leo, simu kifuani. Umande ungali baridi tulikuwa tumeshapiga magoti kwenye shamba la wimbi, mama nyuma yetu na kijembe chake, matope yamejaa kwenye kucha.

Kazi yenyewe ilitaka macho. Katikati ya wimbi huota gugu linalofanana nalo kabisa, nyasi ya msimu mmoja tu, ila shina lake chini ni bapa na jeupe, tena hung'ang'ania ardhi mpaka mikono ikachubuka. Wimbi changa hung'oka kwa urahisi. Basi ndugu yangu Wafula, mvivu wa kutupwa, aling'oa tu ile mimea iliyokubali kung'oka. Akamaliza mstari wake kabla yetu sote, akasimama kifua mbele. Lo! Wimbi lote alikuwa ameling'oa, gugu kaliacha limesimama. Alichapwa, nami nikacheka mpaka nikapata kichapo changu.

"Hii nyasi inazaanga kabla wimbi haijaiva," mama alituambia kila mara. "Ukiiacha imwage mbegu, utailima mpaka uzeeke." Tulidhani anatutisha. Kisha mwaka aliojifungua kitindamimba wetu, palizi ya pili haikufanyika. Msimu uliofuata gugu lilifunika shamba. Tukaling'oa, mvua ikanyesha, likaota jingine. Baba akalima, akafukua mbegu za zamani, nazo zikaota. Tulimaliza shule ya msingi tungali tunahangaika na makosa ya msimu ule mmoja. Lakini wimbi halikukosekana nyumbani. Obusuma ya mama, ule ugali wa wimbi, nyeusi, ya moto, na mboga ya mrenda pembeni, jamani, nikiikumbuka mate yananitoka.

Siku hizi magoti ya mama yamekataa. Kipande cha wimbi alichobaki nacho aliwaachia wajukuu, nao, wasomi wetu wa simu, hawapigi magoti. Walinyunyiza dawa ya kuua nyasi. Wimbi nalo ni nyasi, likakauka lote. Mvua iliporudi, gugu likachipuka upya kutoka kwa mbegu zilizolala ardhini, likabaki peke yake.

Mwezi uliopita nilimkuta mama ameketi kwenye stuli kando ya shamba hilo, gugu limeshaanza kumwaga mbegu. Nilingoja awake kwa hasira. Badala yake akasema polepole, "Pandeni miwa. Wimbi basi."

Roho iliniuma. Afadhali angetuchapa.