Nilivyokaanga mbegu za malenge za mama mkwe pale landhi za Voi

Wakuu, habari za leo.

Jana nimesoma uzi wa kijana mmoja humu anayelalamika kwamba mbegu zake za malenge zinatoka laini. Ameweka kwa oven, ameweka olive oil, ameweka paprika, na bado akitafuna ni kama anatafuna kadibodi. Watu wakamjibu kila aina ya maneno. Mmoja akamwambia anunue airfryer.

Mimi nimekaa kimya humu muda mrefu, lakini hapo nimeshindwa. Nimekaanga mbegu za malenge tangu miaka ya hamsini, na mara moja karibu zinivunjie ndoa. Nitawaambia yote mawili, mbegu na ndoa, maana siwezi kutenganisha. Sitaongeza chumvi, isipokuwa kwenye sufuria.

Ninatype kwa kidole kimoja, kwa hivyo mnivumilie.

Naitwa Wakesho. Nimezaliwa Bura, huko juu milimani. Nikaolewa Voi na kijana wa reli, Mbukusu, jina lake Wafula. Kazi yake ilikuwa kugeuza pointi za reli pale steshoni, ili gari la Taveta lisiende njia ya Mombasa. Tulifunga ndoa kanisani Bura. Watu wangu walikuwepo, watu wake hawakuwepo. Mama yake alipata habari kwa barua, tayari tumeshakula keki.

Kwao kulikuwa na msichana mwingine ameshaangaliwa. Hilo Wafula aliniambia mwenyewe, hakunificha.

Tulikaa landhi, vile vyumba vya wafanyakazi wa reli. Chumba kimoja, jiko la nje la mabati, na nyuma ya bafu kipande cha ardhi cha kupanda sukuma wiki.

Baada ya miezi minane mama mkwe akaja. Wafula alimpatia pasi ya familia, ile ya watu wa reli kusafiri bure, akasafiri kwa gari moshi siku mbili na kitu mpaka Voi. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, wa maneno machache. Aliposhuka alinisalimia vizuri, akaniangalia kuanzia kitambaa cha kichwa mpaka viatu, akamuuliza mwanawe:

"Huyu ndiye Mutaita?"

Tangu hapo jina langu likawa Mutaita, yaani Mtaita, jina la kabila tu. Mutaita leta maji. Mutaita, hapa mvua inanyesha lini? Hakunitukana hata mara moja. Lakini hakuniita mwanangu pia, na kila mtu pale landhi alijua amekuja kuangalia kama nitabaki au nitarudishwa kwetu. Mimi nilijua kuliko wote.

Alikuja na kapu kubwa. Alilisukuma kwangu akasema, "Hii ni ya jikoni." Ndani mlikuwa na unga wa wimbi, njugu, kunde kavu, na furushi dogo la majani makavu ya ndizi limefungwa kwa kamba.

Shikeni hapo kwenye furushi.

Siku tatu nilipika kila nilichokijua. Alikula kidogo, akasema asante, akasukuma sahani. Wafula akawa anakula kwa niaba ya wawili. Nilikuwa nimeanza kukata tamaa, nasema ukweli. Usingizi ulikuwa umenihama.

Siku ya nne Wafula alikuwa off, akampeleka mama yake sokoni. Nikabaki peke yangu, nikafungua lile furushi. Mbegu za malenge! Kubwa, nyeupe, nzima, zimepakwa majivu.

Sasa wakuu, hapa ndipo nilipoanguka.

Nyumbani kwetu Bura, mbegu ya kupanda tulikuwa tunaiweka ndani ya kibuyu, tunakitundika juu ya moto, moshi unafukuza wadudu. Majivu tulisugulia mbegu za kula tu, ili ute utoke na zisiteleze mkononi. Mimi kuona majivu ni kuona chakula. Halafu mwenyewe ameshasema ni ya jikoni. Nikajua moja kwa moja mama amenisaidia kazi, mbegu zimeshasuguliwa, zinangoja karai.

Nikafurahi sana. Hiki ndicho kitu pekee ambacho mama yangu mzazi alikuwa anasifiwa nacho kijiji kizima, na mimi nilikuwa nimemzidi.

Yule kijana wa jana achukue kalamu.

Niliosha majivu kwa maji mawili. Nikaweka mbegu kwenye sufuria ya maji ya chumvi, chumvi ya kutosha, yaani ukionja maji unakunja uso. Nikachemsha kidogo tu, muda wa kufagia chumba. Hiyo ndiyo inaingiza chumvi mpaka ndani. Wewe ukinyunyiza chumvi juu, unalamba chumvi halafu unatafuna mbao.

Nikachuja, nikaanika juani. Siku moja huko nyuma niliwahi kuanika juu ya mabati ya jiko, gari la kusukuma mabehewa likapita na moshi wake, mbegu zote zikanuka mafuta ya injini. Kwa hivyo safari hii nilianika juu ya kiti nilichokitoa nje na nikafunika kwa kipande cha chandarua. Jua la Voi mnalijua, halina mchezo. Mpaka saa nane mchana zilikuwa kavu, ukizitikisa zinalia.

Karai kwenye makaa, moto mdogo. Mafuta hapana. Unageuza kwa mwiko bila kupumzika, usiende kupiga stori na jirani. Zikianza kupasuka na kuruka, toa. Hapo hapo zikiwa moto nikanyunyiza pilipili kavu niliyoitwanga na binzari kidogo ya duka la Mhindi, nikakamulia ndimu, nikarudisha makaani nigeuze mara mbili tatu ndimu ikauke.

Halafu ziache zipoe wazi. WAZI. Kijana, kosa lako liko hapo, unazifunika zikiwa moto. Mvuke unazirudishia ulaini. Zikipoa kabisa ndipo zinaingia kopo.

Waliporudi sokoni nilikuwa nimeweka chai na mbegu kwenye sahani ya bati yenye maua. Wafula akachota mkono mzima, akatupa mdomoni. Kru kru kru. Akasema tamu.

Mama mkwe akaiangalia sahani.

"Hizi umetoa wapi?"

"Kwa lile kapu, Mama."

"Za majani ya ndizi?"

"Ndiyo, Mama. Zote."

Wafula akaacha kutafuna. Mpaka leo nakumbuka shavu lake moja limejaa na macho yako kwa mama yake. Mama mkwe akainuka, akaenda jikoni, akarudi na yale majani matupu. Akakaa, akayaweka mapajani, akayakunja mara mbili, mara nne. Mimi nimesimama na birika, sielewi kitu.

Akanyoosha mkono, akachukua mbegu moja. Akatafuna polepole.

"Iko na chumvi," akasema.

Akachukua nyingine. Halafu nyingine. Alikula mpaka sahani ikabaki pilipili tupu. Ilikuwa mara ya kwanza amalize kitu nilichopika.

Kesho yake asubuhi akasema anarudi nyumbani. Alikuwa amepanga kukaa siku kumi.

Jirani yangu Mama Nafula, mke wa fundi wa injini, naye ni Mbukusu, ndiye aliyenieleza tukiwa bombani. Ukoo ule una mbegu yao ya malenge, imetoka kwa nyanya hadi kwa mama. Mama akimkubali mke wa mwanawe anampa mbegu hizo mkononi, mke anazipanda, basi yeye ni mtu wa nyumba ile. Asipomkubali anarudi nazo, hata kama zimekaa jikoni kwa mke.

"Alikuwa hajaamua," Mama Nafula akaniambia. "Alikuwa anakuangalia tu. Na wewe umemkaangia!"

Akacheka mpaka akashika bomba. Kisha akaona uso wangu, akaacha.

Nililia wakuu. Nililia kwa aibu, na nililia kwa woga, maana nilimpenda yule mwanamume na niliona kabisa yule msichana mwingine amefunguliwa mlango kwa mkono wangu mwenyewe. Nilimuuliza Wafula kwa nini hakuniambia habari za mbegu. Akasema hakujua mama yake amezibeba, alifikiri hatazibeba kamwe. Nikamuuliza sasa itakuwaje.

"Ngoja," akasema. Mtu wa reli, kila kitu kwake ni kungoja.

Tukangoja. Nilisafisha kile kipande nyuma ya bafu, nikang'oa sukuma wiki zote, nikaacha udongo mtupu. Majirani waliniuliza ninapanda nini, nikasema bado. Mvua za masika zikaja zikapita juu ya udongo mtupu. Barua zilikuja kutoka kwa shemeji, za ng'ombe na za shule. Habari zangu hazikuwemo.

Ilikuwa karibu na mvua za vuli ndipo gadi mmoja wa gari moshi alipotuletea kapu dogo lililopokezwa kutoka mkono hadi mkono tangu Bungoma, kwao Wafula. Ndani mlikuwa na vifurushi viwili. Kimoja cha majani ya ndizi. Kingine cha karatasi ya sukari.

Nilifungua cha majani kwanza. Mbegu, na majivu.

Cha karatasi nacho kilikuwa na mbegu, zimekaangwa. Nusu nyeusi kama makaa, nusu bado mbichi, na chumvi imeganda upande mmoja.

Palikuwa na barua. Mama hakujua kuandika, aliandikiwa na mwalimu. Wafula alinisomea, halafu nikamnyang'anya nikajisomea mwenyewe:

"Kwa Wakesho. Ya majivu ni ya shamba. Ya karatasi ni ya mdomo. Usichanganye tena. Nimejaribu mara tatu zinaungua. Njoo unionyeshe."

Haikuandikwa Mutaita. Nilirudia ule mstari wa kwanza mpaka Wafula akaniuliza kama nimesahau kusoma.

Zile zilizoungua nilizila zote, pamoja na nyeusi. Zilikuwa chungu kweli kweli, na sikumpa mtu hata moja.

Disemba tulienda Bungoma. Nilimwonyesha. Alikuwa anaweka moto mkubwa na hakuwa anachemsha kwanza. Hakuwa mwanafunzi rahisi, alibishana na mwiko.

Basi, nilichojifunza ni kidogo. Ukiolewa au ukioa kwa watu wa mbali, usione kitu kwenye kapu lao ukadhani unakijua kwa sababu nyumbani kwenu kinafanana. Uliza kabla hujaosha. Na wewe mama mkwe unayesoma hapa, kama una kitu cha kumpa mke wa mwanao, mpe au mwambie, usimwekee jikoni umpime kwa kimya.

Wafula na mama yake wameshatangulia. Malenge yaliyo nyuma ya nyumba yangu hapa Mwatate ni ya ukoo ule ule. Mkamwana wangu wa mwisho nilimpa mbegu mkononi siku ya kwanza, kabla hajavua viatu. Akaniuliza, "Hizi ni za kula, Mama?"

Nikamwambia hizi ni za shamba, za kula ziko kwenye kopo pale, kaa tule.

Haya wakuu, uwanja ni wenu. Nani mwingine humu ameshawahi kupika kitu ambacho hakikuwa cha kupikwa? Na yule kijana wa mbegu laini, jaribu kesho, urudi hapa utuambie kama zinalia.