Buibui Aliyefunikwa Kanga

Juzi niliingia duka moja hapa Kasulu kununua sabuni, nikakuta mwenye duka amefunika kopo la pipi kwa kanga. Pipi hazimo siku nyingi. Humo anaishi buibui wake mkubwa mwenye manyoya, wa aina isiyoonekana ovyo, aliyemwokota akiwa mdogo kama punje ya mtama. Binti yake alianza shule mwaka huohuo. Leo binti anamzidi mama yake urefu, lakini buibui hajajaa kiganja.

Mama mmoja aliyekuja kutoka Mabamba akainua pembe ya kanga, akachungulia. Buibui alikuwa chali, miguu juu.

"Pole, baba. Amekufa," alisema. "Lete nikamtupe."

"Hajafa, mama yangu. Anavua ngozi ya zamani ili akue. Ukimgusa sasa ndiyo atakufa kweli." Mwenye duka akarudisha kanga taratibu. "Mtu akibadilisha nguo, si tunageuka?"

Mama alicheka mpaka akashika kaunta, kisha akageuka kweli. Na sisi wengine tukageuka. Tukawa tunaagiza chumvi kwa kunong'ona, kama tuko kwenye nyumba yenye mzazi aliyejifungua jana.

Sisi hawa hawa, kuku akichelewa kukua tunamlaani aliyetuuzia. Lakini sabuni nilishapewa zamani, na sikuondoka.

Baadaye mwenye duka akachungulia, akatabasamu. Mama, macho bado barabarani, akauliza polepole:

"Ameshavaa?"